Kwa nini dosa huisha kabla hatujafunga

Ijumaa iliyopita, saa mbili na nusu usiku, aliingia mama mmoja na watoto wake watatu. Wametoka Bububu kuja mkahawani kwetu mjini kwa ajili ya masala dosa, ule mkate mwembamba wa kusini mwa India, wa unga wa mchele uliochacha, wenye viazi ndani, na yule mdogo alikuwa akiisubiri tangu alipotoka skuli. Ikanibidi nimwambie dosa imekwisha. Akaitazama saa ya ukutani, akazitazama meza zilizokuwa wazi, akaniuliza: "Mnafunga saa nne, watu wenyewe wachache. Imekwishaje? Si mpike nyengine?"

Nilimwomba radhi, watoto wakala vitu vyengine, lakini niliona kabisa kuwa hakuridhika. Ana haki. Wengi wenu mmeniuliza swali hilo hilo, na mezani, huku watu wakisubiri chakula, sipati nafasi ya kulijibu inavyostahiki. Basi nalijibu hapa.

Dosa utakayokula leo usiku tuliianza jana adhuhuri. Saa sita mchana tunalowesha mchele katika chombo chake na urad katika chombo chake. Urad ni ndugu wa choroko. Ganda lake jeusi, ndani nyeupe, na ukiisaga inakuwa na utelezi fulani ambao choroko ya kijani haina. Sisi tunatia vikombe vinne vya mchele kwa kikombe kimoja cha urad, na kijiko cha uwatu. Mchele wa basmati, ule wa biriani, tuliujaribu mwanzoni tukauacha. Harufu yake nzuri, lakini kwa dosa na kwa idli, vile vikate laini vya mvuke, haukutupa kitu.

Saa kumi na moja jioni tunasaga. Urad ndiyo ya kwanza, kwa maji ya baridi yanayotiwa kidogo kidogo, kwenye mashine ya mawe inayozunguka polepole, kwa sababu ikipata moto wakati wa kusagwa haiumuki vizuri. Inasagwa mpaka iwe nyepesi kama povu. Mpishi wetu ana kipimo chake: anachukua tone moja kwa ncha ya kidole, analidondosha ndani ya bakuli la maji. Likielea, tayari. Likizama, mashine inaendelea. Baada ya hapo unasagwa mchele, huo tunauacha na chenga kidogo, halafu vyote vinachanganywa kwa mkono pamoja na chumvi, ndoo inafunikwa, na unga unalala. Alfajiri unaukuta umepanda, una vijishimo juu, na ukiinamia ndoo unasikia harufu ya uchachu mwepesi kama wa maziwa mgando.

Kwa hiyo ninaposema umekwisha, maana yake ni kwamba ule wa kesho uko ndani ya ndoo sasa hivi na haujaumuka. Nikiutoa usiku ule ule nitakuletea kitu kizito, cheupe, kisicho na ladha, na kesho asubuhi watu watakosa idli.

Mzee mmoja wa Mkunazini, mteja wetu tangu tufungue, alinishauri kwa wema kabisa tutie hamira kama tunavyotia kwenye vibibi na vitumbua. Nimelifikiria sana hilo, kwa sababu ushauri wake una mantiki. Kibibi na dosa ni watu wa ukoo mmoja: mchele uliolowekwa, ukasagwa, ukaumuliwa, ukamwagwa kwenye chuma. Tena kule Kerala wana appam, inayopikwa kwa mchele na nazi, na Mzanzibari yeyote akiiona atasema hiki kibibi. Lakini dosa haiumuliwi na hamira ya dukani. Inaumuliwa na vijidudu vizuri ambavyo vimo ndani ya nafaka yenyewe, hasa kwenye urad, vya jamii ile ile inayogandisha maziwa. Hivyo vinatoa hewa ya kuupandisha unga, na vinatoa uchachu. Hamira inakupa hewa kwa saa moja au mbili, uchachu haikupi. Tungeuza kitu chenye sura ya dosa na ladha ya mkate, na hilo sitaki kulifanya.

Na vijidudu hivyo vinafuata hali ya hewa. Wakati wa kaskazi, Januari na Februari, joto la Unguja linafanya kazi haraka mno. Mwaka wetu wa kwanza tulikuta ndoo imefurika, unga uko sakafuni, na uliobaki umekuwa mkali kama ukwaju. Ulipokuja mwezi wa saba na upepo wa kusi, mambo yakageuka: usiku ulikuwa wa baridi, unga haukupanda, na sisi kwa kutojua tukaupika. Idli zilitoka ngumu, wateja wakaziacha kwenye sahani. Aibu ya asubuhi ile sijaisahau. Siku hizi kaskazi tunasaga kwa kuchelewa, na kusi ndoo inalala karibu na jiko ikiwa imefungwa taulo.

Kwa nini basi tusisage mwingi zaidi tukauweka kwenye friji? Tunaweka, lakini una mipaka. Siku ya kwanza unafaa kwa idli, kwa sababu idli inapikwa kwa mvuke na inataka ile hewa yote. Siku hiyo hiyo na ya pili unafaa kwa dosa. Ukianza kuwa mchachu zaidi tunaufanya uttapam, ile nene yenye vitunguu na pilipili mbichi juu, ambayo uchachu unaipendeza. Baada ya hapo tunaumwaga. Umeme ukikatika usiku mrefu tunaumwaga mapema zaidi. Kumwaga chakula kunaniuma kuliko kumwambia mteja kimekwisha, nalisema hilo wazi.

Lalamiko la pili ni la kufungiwa. Kuna wateja wa Fumba na Mbweni waliokasirika tulipokataa kuwafungia masala dosa waende nayo. Njooni siku moja msimame karibu na chuma muone. Mpishi ananyunyiza maji, yanaruka na kukauka papo hapo, kisha anapangusa chuma kwa nusu ya kitunguu. Anamimina upawa mmoja katikati, na kwa mgongo wa upawa ule ule anauzungusha unga kutoka katikati kwenda nje, mkono haukandamizi, mpaka duara limefika ukingoni na limekuwa jembamba kama karatasi. Samli kidogo pembeni. Baada ya muda unaona kingo zinajinyanyua zenyewe na chini kumeiva rangi ya dhahabu. Inatiwa viazi vya bizari, inakunjwa, inakwenda mezani. Ule ukavu wake una uhai wa dakika chache. Ukiifunika ndani ya kisanduku, mvuke wake wenyewe unailowesha, na hadi ufike Fumba umebeba kitambaa kibichi. Utasema dosa yetu mbaya, na utakuwa umesema kweli.

Idli na vada, zile bajia za kukaanga, tutakufungia kwa furaha, sambar chombo chake na chatine ya nazi chombo chake. Hizo zinastahimili safari. Sambar, kwa wasioijua, ni mchuzi wa mbaazi zilizokobolewa, ukwaju na mboga. Sisi tuliokulia mbaazi za nazi tunaipokea upesi. Wengi wanaingia hapa wakitegemea chapati na biriani, kwa sababu Wahindi tuliowazoea Zanzibar asili yao ni Gujarat na Kachchh, na vyakula vyao vimeshakuwa vyetu. Chakula cha kusini, cha Tamil Nadu, Kerala na Karnataka, ni mchele na nazi na uchachu, na mimi naona kiko karibu zaidi na jiko la mwambao. Tangu IIT Madras, chuo cha Chennai, kifungue kampasi hapa kisiwani mwaka 2023, tunapata wateja waliokua na chakula hiki. Hao wakila idli wakinyamaza, najua siku hiyo unga umekubali.

Sasa tumeamua hivi. Kuanzia wiki hii ukitaka dosa ya usiku, tuambie kabla ya saa sita mchana wa siku iliyotangulia, kwa sababu ndiyo saa ya kulowesha. Tutakuwekea unga wako mpaka saa tatu usiku, na hatuchukui malipo ya mbele isipokuwa kwa kundi la watu zaidi ya kumi. Alkhamisi tutalowesha mara moja na nusu ya siku za kawaida, kwa ajili ya Ijumaa. Na anayekuja bila taarifa akakuta imekwisha, ipo rava dosa, ya simolina na unga wa mchele, ambayo haihitaji kulala. Inamwagwa nyepesi, inatoka na matundu kama lesi, na inavunjika mdomoni. Wengine wanaipenda kuliko ile ya kwanza.

Ramadhani unga utapangwa kwa ajili ya futari. Dosa zitaanza kutoka baada ya adhana ya magharibi, na idli za kwenda nazo nyumbani kwa ajili ya daku tutawafungia mpaka saa tano usiku.

Yule mama wa Bububu, ikiwa unasoma: tumekuwekea unga wa dosa nne Ijumaa hii.