Barua kwa Mwanaidi: farasi wa baharini wenye tumbo nene ni madume

Mwambani, Tanga

Shoga yangu Mwanaidi,

Assalaam alaykum. Wewe, shemeji na watoto hamjambo? Sisi huku wazima. Bi Mkubwa mguu bado unamsumbua, lakini kauli yake ile ile, jana kamtimua muuza mkaa. Tangu arusi ya Kombo hatujaandikiana, mimi kimya, wewe kimya, basi tusihesabiane. Nina jambo limenikaa rohoni na sioni mwingine wa kumwendea.

Ni kaka yako. Usishtuke, haumwi. Tangu kusi ipungue amekuwa akipita huku na Tongoni kununua farasi wa baharini waliokaushwa, vile visamaki vyenye kichwa kama cha farasi, kutoka kwa vijana wa juya, wale wa wavu wa kukokota. Biashara yenyewe si ngeni, tunajua wanakwenda Uchina kuwa dawa. Kigeni ni kwamba sasa anataka wenye tumbo nene tu, anasema ndio wazito. Basi vijana wanachambua: wembamba wanarudishwa majini, wanene wanaanikwa juu ya bati.

Mwanaidi, wale wanene wana mimba. Na ni madume.

Cheka kwanza, nakuruhusu. Mama Rukia alicheka mpaka akakaa chini, akasema laiti baba Rukia naye angebeba hata wiki moja. Lakini nimeyaona kwa macho yangu. Tulipokuwa tunavuna mwani, mmoja alikuja amejizungushia mkia kwenye kamba, nikamtia kwenye beseni la maji ya bahari nimrudishe nikimaliza. Chini ya tumbo, pale mkia unapoanzia, palikuwa pamefura na ngozi imevutika hadi inang'aa. Mara akaanza kujikunja na kujinyoosha, kujikunja na kujinyoosha. Kitundu cha juu ya kifuko kikafunguka, vitoto vikatoka kwa mkupuo. Vidogo, havifiki upana wa kidole changu, mwili unaonekana hadi ndani, macho vitone vyeusi, na kila kimoja farasi kamili. Mikia yao inatafuta cha kushika tangu dakika ile ile. Viwili vikashikana wao kwa wao, vikashindwa kuachana. Baba akapumzika, akaanza tena. Nilisimama pale mpaka maji yakaanza kujaa, ndipo nikawamimina taratibu kwenye nyasi za baharini.

Binti ya Mama Rukia, yule aliyesomea mambo ya bahari, ndiye aliyenifafanulia. Jike ndiye mwenye mayai, hilo halibadiliki. Wakipandana anamwagia dume mayai ndani ya kifuko, ni suala la sekunde, na dume anayarutubisha humo humo kisha kifuko kinajifunga. Hapo mimi nilidhani ni kubeba tu, mfuko na mzigo. Siyo. Nyama ya ndani ya kifuko inavimba na kuota mishipa ya damu, kila yai linazama mahali pake, kama kokwa za fenesi kila moja na ala yake. Kiini cha yai kimetoka kwa mama, lakini baba anawapa oksijeni, anawaongezea mafuta na madini, anaondoa uchafu wao. Hata maji ya mle ndani anayabadilisha chumvi kidogo kidogo, ili siku wakitoka bahari isiwashtue. Hiyo ni mimba, shoga, usimwachie mtu akuambie vingine.

Na uchungu! Sisi tumbo la uzazi linabana lenyewe, hulitumi. Mwaka 2022 watafiti wa Australia walieleza kwamba kifuko cha farasi hakina misuli mingi ya namna hiyo; dume anatumia misuli ya mwili, ile iliyo karibu na pezi dogo la chini ya tumbo, pale kwenye mdomo wa kifuko, ndiyo maana wangu alikuwa anajikunja vile. Anawasukuma kwa nguvu zake mwenyewe. Nilipolisikia hilo nilimkumbuka yule wa kwenye beseni, nikanyamaza.

Mimba ni wiki mbili hadi nne hivi, kutegemea aina na joto la maji. Wanaozaliwa huwa mia moja, mia mbili. Aina nyingine wachache tu, nyingine zaidi ya elfu. Usione wengi ukadhani hasara ni ndogo. Akishazaa hawalei, wanachukuliwa na maji, wanaliwa, wanaofikia ukubwa ni wachache mno. Na kuna aina ambazo dume na jike wake hukutana kila asubuhi wakati wote wa mimba, wanageuka rangi, wanashika unyasi mmoja na kuuzunguka pamoja. Jike anaandaa mayai mengine kwa kumfuata yeye, maana dume huweza kubeba tena siku chache tu baada ya kuzaa, hata siku ile ile. Sasa huyo dume yuko juu ya bati. Kaka yako kamnunua baba, kanunua na wanawe wote, na jike kabaki na mayai yasiyo na pa kwenda.

Hapo ndipo ninapokwama kila nikijaribu kulala. Angechukua yeyote lingekuwa jambo moja. Kuchagua wenye mimba ni jambo jingine kabisa.

Halafu kuna sheria. Tangu Mei 2004 farasi wa baharini wote wamo kwenye CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vinavyohofiwa kutoweka, hawavushwi nchi hadi nchi bila kibali. Sijui kama kaka yako ameshaulizwa hilo na anaowauzia. Silikanti, yule samaki wa kale wa vilindini, tulimtengea hifadhi yake hapa Tanga mwaka 2009, na sawa kabisa, yule naye jike lake hubeba watoto tumboni. Mmoja wa Msumbiji alikutwa nao 26. Lakini farasi wetu wa kwenye nyasi… haya, nitakuandikia siku nyingine.

Sisemi vijana wakose riziki. Sisemi pia kaka yako ni mbaya, kanisomeshea mdogo wangu, siwezi kusahau. Mimi nikimwambia ataona namwingilia. Wewe ni dada yake mkubwa, wewe anakusikia.

Utampigia? Au utakuja mwenyewe Idi hii? Shemeji bado anajuana na yule afisa uvuvi wa Pangani, na anaweza kumuuliza habari ya vibali? Na wewe, ungependa nikupe binti ya Mama Rukia uongee naye kwanza, ili ukimkabili kaka uwe na la kusema? Na mbona hukuniambia Salma kajifungua, mpaka nisikie kwa watu wa Chuda?

Nijibu kabla ya bamvua ijayo, maana ndipo juya linapotoka na yeye huja siku hizo hizo.

Wako,
Zainabu