Msitupe bakteria wa mgonjwa

Mhariri,

Makala yenu ya virusi wanaoua bakteria nimeisoma mara mbili, mwandishi kajitahidi ila pale aliposema hawa virusi, yaani bakteriofaji au faji kwa kifupi, watakuja kuziondoa antibayotiki kabisa kapitiliza. Kwa mwenye goti au nyonga ya bandia iliyoingia wadudu, hoja ni kuvitumia vyote viwili kwa pamoja.

Mama yangu aliwekewa goti la bandia, miezi kadhaa baadae pembeni ya kovu pakatoboka kitundu kama cha sindano, ukikiminya usaha, ukifuta na gozi kesho yake upo tena. Akimeza vidonge panakauka, akimaliza dozi panaanza upya. Kumbe bakteria wakishanasa kwenye chuma wanajijengea utando, kama ule utelezi wa ndani ya ndoo iliyokaa na maji muda mrefu, na wa chini kabisa wamezubaa tu hawazaliani, sasa antibayotiki nyingi zinamuweza bakteria anayekua, huyu aliyelala zinampita. Mwisho wakamfungua wakatoa goti lote, wakaweka simenti yenye dawa kwa wiki kadhaa ndo wakarudisha jingine, operesheni mbili kwa mtu wa umri ule si mchezo.

Faji wengine wana vimeng'enya vinavyoumega ule utando, dawa ikapata pa kupita. Na kuna hili ambalo mimi ndo limenikosha: bakteria akijibadilisha ili faji asimshike, mara nyingine anapoteza usugu wake kwa dawa, anaziba mlango huu anafungua ule. Ila sio kila faji anapatana na kila dawa, michanganyiko mingine inakwamishana, lazima ipimwe kwanza.

Wala si mambo ya jana, mwanasayansi Félix d'Hérelle aliwaelezea faji 1917 na taasisi ya Eliava inayotibu kwa faji kule Tbilisi, Georgia, ipo tangu 1923. Shida ni kwamba habari nyingi za faji kwenye viungo bandia ni za mgonjwa mmojammoja, na wengi walisafishwa kwa upasuaji pia, sasa utajuaje nani kaponya?

Langu kwa madaktari ni dogo. Faji anachagua sana, anayeua bakteria wa goti hili anaweza asimguse wa goti la jirani, kwahiyo anajaribiwa kwa bakteria wa mgonjwa mwenyewe. Nilipouliza wale bakteria waliooteshwa kutoka kwenye goti la mama wako wapi nikaambiwa walishatupwa, si majibu yalishatoka. Watunzeni kwenye friza jamani, hata kama faji wenyewe leo hamna.

Msomaji wenu