Anayekwenda Firenze aanze na kalenda

Mhariri,

Ratiba za Firenze, Italia, wanazopewa wasafiri wetu zinafanana mno: siku moja, vituo kumi, asubuhi jumba la picha la Uffizi, mchana sanamu ya Daudi aliyoichonga Michelangelo, jioni kuba la kanisa kuu. Kwenye karatasi inapendeza. Ikiangukia Jumatatu, mtu anaishia kupiga picha milango, kwani siku hiyo Uffizi, makumbusho ya Accademia aliko Daudi, na jumba la Pitti hufungwa.

Jumapili nayo ina yake. Kanisa kuu huwa la ibada tu, na kwenye kanisa la Santa Croce watalii husubiri hadi mchana. Jumapili ya kwanza ya mwezi makumbusho ya serikali hayatozi kiingilio, lakini rahisi huvunja upishi: foleni yake humaliza nusu ya siku. Mwenye siku mbili tu azichague kuanzia Jumanne hadi Ijumaa. Aliyebanwa na Jumatatu apande kuba, kisha aende Santa Croce kwenye makaburi ya Michelangelo na Galileo.

Kuba ndilo linalowaponza wengi. Kuingia kanisani ni bure, kwa mlango wa mbele. Kupanda kuba kunalipiwa, na mlango wake uko ubavuni, upande wa kaskazini. Watu wenye tiketi husimama foleni ya mbele mpaka saa yao inapita, na ikishapita, imepita. Wafike nusu saa kabla, kwa sababu mabegi makubwa hayaruhusiwi na lazima kwanza yapelekwe kwenye hifadhi ya mizigo.

Ngazi ni 463, lifti hakuna. Msanifu Brunelleschi alilijenga kuba hilo kati ya 1420 na 1436 kwa kuta mbili, moja ndani ya nyingine, na njia ya kupandia inapita katikati yake. Kadiri unavyopanda, ukuta unakuinamia. Tazama matofali: kati ya yaliyolazwa yapo yaliyosimamishwa wima, yamepangwa kama mifupa ya samaki, ili kila mstari ujishike wenyewe kabla chokaa haijakauka. Ndiyo maana hakuhitaji jukwaa la mbao kutoka chini. Anayetaka kupumzika njiani apande mnara wa kengele wa Giotto, ulio kando ya kanisa kuu: ngazi 414, ila una vituo vya kupumzikia. Na kwa maoni yangu picha ya huko ni bora, maana aliye juu ya kuba halioni kuba.

Accademia saa moja inatosha. Daudi, mwenye zaidi ya mita 5, yuko humo tangu 1873. Yule wa uwanja wa Signoria ni nakala. Uffizi ipewe saa tatu. Ziara huanzia ghorofa ya juu, kwenye picha za Botticelli, na wengi huchoka hapo wakatoka bila kuona picha za Caravaggio, zilizo ghorofa ya chini yake.

Mabega na magoti yafunikwe makanisani. Mtandio mmoja mkobani unatosha. Maombi ya viza ya Schengen, ile ya kuingilia Italia na nchi nyingi za Ulaya, hupokelewa hadi miezi 6 kabla ya safari, basi yapelekwe mapema: tiketi ya kuba ina jina na saa, isikatwe kabla viza haijatoka, na ikichelewa kukatwa huwa zimekwisha.

Msomaji wenu,
Tanga