Breki haipigwi oili

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na mafundi wetu wa baiskeli hapa Mtwara. Baiskeli yangu ya umeme, ninayobebea mikate kutoka Mikindani hadi mjini, ilianza kulia breki ya mbele kama mbuzi anayechinjwa. Fundi mmoja akaipulizia oili. Kelele zikaisha, na breki nayo ikaisha! Nusura nimgonge mama wa mihogo pale mteremkoni.

Jamani, mara nyingi oili ndiyo inayoziliza breki za diski, zile zinazobana sahani ya chuma kwenye gurudumu, hata tone moja lililoruka kutoka kwenye cheni. Nilifungua pedi mwenyewe, vile vibao viwili vinavyoibana diski: nyeusi, zinang'aa kama kigae. Pedi zikishakunywa oili ni za kutupa, nikanunua mpya. Diski nikaifuta kwa spiriti na kitambaa safi, bila kuigusa kwa vidole. Bado ikawa inakwaruza, chwi, chwi, kila mzunguko. Nikalegeza bolti mbili zinazoshika kalipa, kile kifaa kinachobeba pedi, nikabana mkono wa breki, nikazikaza hivyo hivyo nimebana. Kimya. Halafu nikakimbiza na kupunguza mwendo kama mara 20, pedi na diski zizoeane.

Baiskeli hizi ni nzito, pedi huisha upesi. Mafundi, basi hata chupa moja ya spiriti muwe nayo kibandani.

Muuza mikate,
Mikindani, Mtwara