Yah: Ndoano 144 zilizokataliwa kwa kosa la kadi yenu

Mikumbi, Lindi
9 Juni 2025

Ndugu Meneja,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mwezi wa nne mlinitumia kadi za picha za kufungia chambo cha trauti (samaki wa maji baridi), yaani manyoya yanayofungwa kwenye ndoano yafanane na mdudu. Kadi namba 3 imeandikwa "tunutu wa meiflai", yaani mtoto wa mdudu aitwaye meiflai, anayeishi majini kabla ya kuwa na mabawa. Nimeifuata unyoya kwa unyoya, ndoano 144. Zimerudi zote, na karatasi yenu inasema meiflai ana mikia mitatu, mimi nimefunga miwili.

Ndugu Meneja, mkia si hoja. Wapo meiflai wenye mikia miwili, kama Epeorus, ndiyo maana picha haikunishtua. Kosa liko kwingine, nami nimeligundua nikiwa tayari nimeshapata hasara. Niliazima lenzi kwa mwalimu wa baiolojia, nikaenda nayo Ndanda kwa shangazi, nikageuza mawe kijitoni. (Trauti huku hayupo, maji yetu ni ya moto kwake, meiflai wapo.) Nikamtia tunutu mmoja kwenye kisosi cha maji. Mdogo kuliko punje ya mchele, matamvua ya kupumulia yamejipanga ubavuni mwa tumbo kama vijani, na kila mguu una ukucha mmoja tu. Kisha nikaiweka kadi yenu chini ya lenzi ileile: kucha mbili kila mguu, matamvua yako kwapani! Huyo ni wa kundi la Plecoptera, mdudu mwingine kabisa. Trauti humla pia, ila mteja wenu hakumwagiza.

Kadi namba 5 nayo mwiangalie. Meiflai huambua ngozi mara ya mwisho akiwa tayari ana mabawa: kabla ya hapo mabawa yana ukungu, baadaye hung'aa kama kioo. Nyie yule wa ukungu mmemwandika kuwa ndiye aliyekomaa. Fundi atafunga unyoya wa kijivu panapotakiwa mweupe, halafu mtamrudishia mzigo.

Naomba malipo ya ndoano 144 kwa Sh. 900 kila moja, jumla Sh. 129,600, pamoja na Sh. 8,000 za kutuma kifurushi kwa basi. Manyoya ya jogoo nilinunua kwa fedha yangu. Oda ya mwezi ujao sitaigusa mpaka kadi mpya zifike.

Naambatanisha kadi namba 3. Kucha nimezizungushia kalamu nyekundu.

Wako,
Fundi wa ndoano, Lindi