Shukrani kwa Waliotusitiri Katika Msiba wa Babu Yetu

Familia ya marehemu babu yetu, mfumaji mstaafu wa kiwanda cha nguo cha Urafiki, Dar es Salaam, na mpiganaji wa vita vya Kagera, inatoa shukrani za dhati kwa wote waliokuwa pamoja nasi tangu alipougua hadi tulipomzika kijijini kwake, wilayani Muheza.

Si rahisi kumtaja kila mmoja, lakini tutakuwa tumekosa adabu tusipoanza na muuguzi wa zamu ya usiku aliyemhudumia siku zake za mwisho. Babu alikuwa hasemi tena, ila vidole havikutulia. Alivisugua juu ya shuka usiku kucha, nasi tukadhani ni maumivu. Bibi ndiye aliyetambua kuwa anaunga nyuzi zilizokatika, kama alivyofanya mbele ya mashine kwa zaidi ya miaka ishirini. Muuguzi yule aliposikia hayo alitoka, akarudi na kipande cha uzi, akamwekea mkononi. Babu akalala. Dada yetu, Mwenyezi Mungu akulipe kheri.

Tunawashukuru wafanyakazi wenzake wa Urafiki, kiwanda kilichofunguliwa mwaka 1968 kwa msaada wa China, waliofika nyumbani Manzese, wengine kwa mikongojo, wakaketi mkekani wakizungumza kwa sauti ya juu kama yeye, kwa kuwa kelele za mashine ziliwapunguzia wote usikivu. Sisi wajukuu tuliokuwa ndani tulijihisi kama tunamsikia yeye.

Babu alikwenda vitani akiwa mgambo baada ya majeshi ya Idi Amin kuivamia Kagera mwaka 1978, akarejea kiwandani baada ya Kampala kuanguka Aprili 1979, na hakupenda kusimulia. Kwa hiyo, mzee wetu uliyesimama kando ya kaburi ukaeleza kwamba mlilala chini ya turubai moja na kwamba jioni alikuwa akiwashonea wenzake sare zilizochanika, umetupa urithi ambao hatukuwa nao.

Shukrani ziwafikie pia imamu na waumini, balozi wetu, majirani, akina mama waliopika siku zote tatu, na dereva aliyetufikisha Muheza salama.

Hitma ya arobaini itasomwa nyumbani Manzese baada ya sala ya alasiri, na nyote mnakaribishwa.

Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.