Barua kwa mwanangu: je, Neptuni kuna uhai?

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipata, na swali lako limenikaa kichwani tangu Jumanne. Unauliza kama Neptuni panaweza kuishi kiumbe chochote, na katika ukurasa mmoja umeitaja baridi mara tatu, kwa hiyo itabidi nianze kwa kukupinga kidogo.

Baridi ipo, sikatai. Neptuni iko mbali na Jua takriban mara 30 kuliko sisi, mwanga wa Jua huchukua zaidi ya saa nne kuifikia, na kwenye mawingu yake ya juu halijoto hushuka hadi karibu nyuzi 200 chini ya sifuri. Lakini sayari hiyo hutoa joto zaidi ya mara mbili ya lile inalolipata kutoka kwenye Jua, nalo linatoka ndani yake yenyewe, ambako nyuzi huhesabiwa kwa maelfu. Basi kati ya barafu ya juu na tanuri la chini, lazima liwepo tabaka lenye uvuguvugu kama wa asubuhi ya Lushoto, ingawa kanieneo lake ni kubwa, na wanasayansi wanaamini kuwa mawingu ya maji yako huko chini. Hata kaboni ipo: methani, gesi ile ile tunayoichimba Songosongo, ndiyo inayomeza mwanga mwekundu na kuifanya Neptuni ionekane ya buluu.

Kinachokosekana ni mahali pa kutulia. Jana nilikuwa nachemsha maharage, nikafunua sufuria, nikaifuata punje moja kwa macho: ikapanda, ikazunguka, ikazama, ikaibuka upande wa pili. Neptuni haina ardhi ya kukanyaga, na kijidudu chochote kingekuwa punje ile, kipandishwe kikagande, kishushwe kikaungue. Mwaka 1976 wanasayansi Carl Sagan na Edwin Salpeter walipiga hesabu za viumbe ambao wangeweza kuelea kama maputo katika mawingu ya sayari ya Mshtarii na kuzaana kabla ya kuzama motoni. Hesabu hizo nazipenda, ila zinaeleza namna uhai ungedumu, hazielezi ungeanzaje humo ndani ya sufuria.

Ukinibana nichague, nitauacha mwili wa Neptuni na kwenda kwenye mwezi wake mkubwa, Triton. Chombo pekee kilichowahi kufika huko ni Voyager 2, Agosti 1989, miaka 12 baada ya kurushwa, nacho kilikuta gesi na vumbi jeusi vikifoka kilomita zipatazo 8 juu ya uso wenye baridi ya nyuzi 235 chini ya sifuri. Triton huzunguka kinyume na Neptuni inavyojizungusha, dalili kwamba ilinaswa ikipita. Kunaswa huko kuliisugua na kuipasha moto kwa ndani, na inashukiwa kuwa chini ya barafu yake bado kuna bahari. Maji yaliyofunikwa, gizani, yasiyochemka wala kurushwa huku na huko: hapo ndipo ningetafuta.

Neptuni haionekani kwa macho matupu. Ukija likizo ya Septemba nitaazima darubini, tukeshe uwanjani tuitafute hiyo nukta ya buluu. Triton usiitarajie, darubini yenyewe ni ndogo mno.

Mama yako